Pigo la Thelathini na Nane

Jumanne, tarehe 11 Novemba. Mvua imeanza kabla ya saa moja asubuhi. Si ya kishindo, ni ile ya kuchuruzika tu, ambayo hapa kwetu Kayanga ikishaingia inakaa kama mgeni aliyekuja na begi. Ukungu umefunika upande wote wa kata ya Ndama. Siku kama ya leo kamba ya kengele inalowa na kukakamaa, na anayeivuta lazima ajue hivyo. Mimi sivuti tena. Ijumaa nilikabidhi funguo.

Adventina na Projestus, ninyi mliopokea funguo hizo ndio mlioniambia, "Ma Koleta, usiondoke na kila kitu kichwani." Basi naandika. Lakini mjue mapema kwamba shule niliiacha darasa la sita, na kwamba nina ugonjwa wa kuhesabu kitu kimoja mara tatu, na hata mara tatu zikiisha sina amani. Ugonjwa huo utaonekana mbele. Mahali nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika. Habari za vyeo siandiki, nilikuwa nacho kimoja tu. Za mshahara mnazijua, maana sasa ni wenu.

Nilianza kama mfagiaji wa uwanja. Kengele ilikuwa pale pale ilipo leo, kati ya nguzo mbili za zege, chini ya kipaa cha bati, na mbele yake jiwe lenye majina thelathini na saba ya watu wa kata zetu waliokwenda vita vya Kagera wasirudi. Wengine walikuwa askari, wengine mgambo. Aliyeitunza alikuwa Ta Leonidas, mzee mfupi aliyewahi kuwa fundi baiskeli. Mpaka anakufa aliiangalia kengele ile kama baiskeli kubwa iliyokosa magurudumu.

Siku yangu ya kwanza alinikuta nimesimama na ufagio, nimeinua uso.

"Unatazama nini?"

"Naitazama tu, Ta."

"Ya kutazamwa ni picha. Njoo uvute."

Nikavuta kwa mikono yote miwili, kwa nguvu za mtu anayetaka kazi. Kengele ikagonga mara mbili, pigo kubwa na dogo nyuma yake, kama mtu mwenye kigugumizi. Kutoka stendi mpiga debe mmoja akapaza sauti: "Mama, amua! Ni msiba au ni mapumziko?" Watu wakacheka sokoni kote. Nilitaka kuutupa ufagio niende nyumbani nikalime.

Ta Leonidas hakucheka. Alisema, "Usivute kwa mkono, mkono una haraka. Vuta kwa makalio." Akanionyesha: unaishika kamba, unakaa chini kama unayetafuta kigoda, ulimi unakwenda wenyewe, na ukishagusa tu unainuka na kuurudisha kabla haujagusa tena. Nilijifunza kwa miezi, sikumbuki mingapi. Nakumbuka tu kwamba siku nilipopata pigo moja safi, yule mpiga debe alinyamaza, nikajua nimefaulu.

Vifaa ni vichache, msivipuuze. Spana ya kumi na tisa ni ya ile nati ya juu, na ikazwe kila mwezi, maana mitetemo inailegeza. Girisi itiwe kidogo. Ikizidi inamwagikia vichwa vya wageni rasmi, na hilo limetokea, tena aliyekuwa zamu ni mimi. Pale ulimi unaponing'inia pana kipande cha ngozi ya ng'ombe. Kibadilisheni kabla ya mvua za vuli. Ngozi ya mbuzi haifai, nilijaribu ikaisha kabla ya Krismasi. Kamba iwe ya katani. Kuna mwaka tuliletewa ya nailoni, nzuri kwa macho, ikateleza mikononi mpaka nikakaa chini kweli mbele ya halaiki. Nyuki wakihamia ndani msichome moto, iteni mwenye mizinga. Na akizikwa mmoja wa waliopigana wakarudi, ulimi unafungwa majani makavu ya mgomba, mlio unakuwa kama wa mtu anayesema huku amejiziba mdomo kwa khanga.

Sasa nifike kwenye kazi yenyewe, ile ya Siku ya Mashujaa.

Majina hayasomwi. Ta Leonidas aliniambia, nami sikuwepo, kwamba mwaka wa kwanza yalisomwa na mgeni fulani aliyeyavunjavunja majina ya watu mpaka wazee wakaondoka. Wakaamua kengele iseme yenyewe: kila jina pigo moja, kwa kufuata mpangilio wa jiwe. Kwa hiyo kila ukoo unajua namba yake. Utamwona mama amesimama kimya tangu mwanzo. Pigo la kumi na mbili likilia anafanya ishara ya msalaba, anabeba kapu lake, anakwenda sokoni. Wa kwake ameshaitwa. Kati ya pigo na pigo unasema moyoni, "Alikwenda, hakurudi," polepole, ndipo unavuta. La mwisho tu ndilo linaachwa lilie mpaka life lenyewe. Hapo hakuna anayetikisika. Mlio ule unakwenda mbali kisha unarudi kwenye nguzo, na ukiweka kiganja kwenye zege unausikia bado wakati sikio limeshaukosa.

Pigo hilo la mwisho lilikuwa la baba yake Respicius, yule mwenye duka la pembejeo karibu na stendi. Baba yake aliondoka Respicius akiwa bado ananyonya. Ukoo wao huja wote, wakongwe kwa wachanga, kuungoja ule mlio mrefu.

Kuhesabu tulihesabu kwa maharage. Ta Leonidas alisema kichwani namba zinachanganyika, hasa watu wakilia. Unaweka maharage thelathini na saba mfuko wa kushoto wa koti. Kila pigo, moja linahamia mfuko wa kulia. Kushoto kukiisha, umemaliza. Nilijaribu buni nikaona zinateleza. Harage kubwa la rangi rangi ndilo zuri, linajulikana hata kwa vidole vyenye baridi.

Mwaka juzi, asubuhi ya Siku ya Mashujaa, niliketi jikoni nikahesabu. Mara ya kwanza nikapata thelathini na saba. Mara ya pili thelathini na sita. Mara ya tatu thelathini na saba. Mume wangu, Ladislaus, alisimama mlangoni akauliza, "Unahesabu au unapika?" Mtu mwenye akili timamu angesema mbili dhidi ya moja, yamekwisha. Mimi nikaongeza harage moja, kwa usalama.

Mnaona lilipoelekea. Nilipiga vizuri siku ile, nasema bila aibu, kila pigo limesimama peke yake. Nikafika la mwisho. Sikio langu likaniambia umemaliza. Respicius ameinamisha kichwa, mama yake mzazi amefumba macho. Nikaingiza mkono mfuko wa kushoto, nikagusa harage. Miaka zaidi ya ishirini sikio langu halijanidanganya, lakini nikaliamini harage. Nikakaa chini, nikavuta. Pigo likaukata mlio wa baba yake Respicius katikati.

Wageni rasmi hawakujua kitu. Respicius alijua. Alinifuata palepale kwenye kamba.

"Ma Koleta, baba yangu umemkatisha."

"Nisamehe, waitu, ndugu yangu. Nimekosea hesabu."

"Mwaka mzima mama anaungoja mlio ule. Mwaka mzima!"

Alisema kweli, na naiandika hapa kama alivyoisema.

Alipoondoka, akaja mama mmoja mwembamba, amenizidi miaka kama kumi na miwili, viatu mkononi. Akanishika mikono yote miwili. Alikuwa analia na kucheka.

"Asante, mwanangu. Nilijua ipo siku mtampigia Evarist."

Huyo ndiye Ma Spesioza wa Rugu, ambaye amelima mashamba ya kahawa ya watu maisha yake yote. Wazazi wake walitoka Rwanda kuja kutafuta vibarua. Evarist alikuwa mdogo wake wa pekee. Wakati wa vita alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi kuelekea Mto Kagera, hakurudi. Orodha ilipoandikwa hakuna aliyemtaja, maana si askari wala mgambo, na wao wenyewe waliogopa kwenda kusema. Tangu kengele itundikwe, mama huyu alikuwa akija kila mwaka kwa miguu kutoka Rugu, anahesabu kwa vidole mpaka thelathini na saba, anangoja kidogo, kisha anarudi. Mwaka ule alingoja, na kengele ikalia.

Ilinipasa nimwambie palepale. Nilisema, "Karibu, mama." Basi. Sijawahi kusema karibu iliyonichoma vile.

Wiki mbili nilibeba jambo hilo. Nikikaa kimya, niliwaza, furaha yake inamdhuru nani? Lakini mwaka utakaofuata atahesabu tena. Na nikiendelea kupiga la kuongeza kwa siri, nitakuwa nimeipa kengele uongo, na Respicius ananidai ukweli kama mama huyu anavyonidai. Nikapanda bodaboda mpaka Rugu.

Nilimkuta anaanika kahawa ya mwenye shamba juu ya jamvi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Karibu. Mpiga kengele wetu huyo! Keti, nikuletee maji."

"Usilete kwanza. Nimekuja kukwambia jambo. Lile pigo halikuwa la Evarist. Nilikosea kuhesabu. Lilikuwa harage."

Aliendelea kugeuza kahawa kwa kiganja. "Harage?"

"Liliingia mfukoni zaidi ya hesabu."

"Kwa hiyo watu wazima na makaratasi yao wameshindwa miaka yote hii, limeweza harage." Alicheka, cheko fupi. Halafu akanitazama usoni. "Mwaka ujao utapiga mangapi?"

"Thelathini na saba, mama. Mpaka jina lake lipokelewe."

"Basi umepanda pikipiki kutoka Kayanga kuja kuninyang'anya." Akasimama. "Mwizi wa kuku huja usiku, walau ana haya. Wewe umekuja mchana, na shikamoo juu."

"Nataka kulifuatilia jina lake mpaka lipokelewe. Niambie alikwenda na nani."

"Nenda."

Niliondoka bila kunywa maji. Nikiwa nimeshafika njiani, akaniita kwa mbali. Hakunisogelea. Alisema tu, "Walipelekwa na mgambo mmoja wa upande wa Kyerwa. Adeodatus. Kama yu hai." Akarudi kwenye kahawa yake.

Kamati ya uwanja ina sharti lake, nalo ni la haki: jina jipya linaingia akipatikana ndugu, na mtu aliyekuwepo, wote wawili mbele ya watu. Msilione gumu. Bila sharti hilo kila mwenye marehemu angeomba pigo, na waliokufa kweli vitani wangepotea katikati.

Ilinichukua mpaka Oktoba kumpata Mzee Adeodatus, Kyerwa, amekaa kibarazani anasuka mkeka, mguu mmoja hauna nguvu. Njiani nilijionya: Koleta, usimtajie jina. Mzee mkarimu ukimtajia jina atalikubali ili usirudi mikono mitupu. Kwa hiyo nilimwuliza tu, "Mzee, mizigo yenu wakati ule ilibebwa na nani?"

Akahesabu kwa vidole, watu wanne. Jina nililolitaka halimo. Nilikuwa nimeanza kukunja khanga yangu niage, ndipo akasema, "Na yule kijana wa Rugu, aliyekuwa anatuchekesha. Anawaigiza wakubwa wetu wanavyotembea, mpaka wakubwa wenyewe wakacheka. Evarist."

Niliketi tena.

Tulimleta Kayanga kwa gari la mjukuu wake. Kikao kilikuwa kwenye ukumbi mdogo wa nyuma ya uwanja, na Ma Spesioza aliketi mwisho wa benchi, hajanisalimia. Respicius ni mjumbe wa kamati, naye alikuwa wa kwanza kusema.

"Sina chuki na mtu. Nauliza tu, alifia wapi huyu?"

Mzee Adeodatus alimgeukia. "Njiani kwenda mtoni. Gunia la unga mgongoni. Alipigwa risasi, yeye na gunia pamoja. Sisi tulikuwa na siku mbili hatujala." Akaisugua fimbo yake. "Unga ule tuliupepeta tukaula. Mimi nimeula. Baba yako pia aliula, alikuwa bado hajafa."

Ma Spesioza alikuwa hajawahi kulisikia hilo. Alijifunika uso kwa khanga, akakaa hivyo.

Mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, Respicius aliinua mkono, na nilidhani nimeshindwa. Alisema, "Kwenye jina sina pingamizi. Lakini akiandikwa wa mwisho, mlio mrefu unakuwa wake. Baba atakatishwa kila mwaka, tena kwa idhini."

Msimcheke. Mtu aliyelelewa na mlio wa kengele badala ya baba ana haki ya kuulilia. Wajumbe wakaanza kubishana, huyu anasema Evarist apigwe wa kwanza, yule anasema jiwe halipanguliwi. Miaka yote ile nilikuwa sijawahi kuomba nafasi ya kusema kikaoni. Niliomba.

"Naweza kuliacha la thelathini na saba lilie mpaka life. Halafu napiga la thelathini na nane, nalo naliacha life."

"Watu watadhani umesahau," mwenyekiti akasema. "Wataanza kuondoka."

"Waache wadhani. Mimi nitajua wakati wa kuvuta. Nitauweka mkono kwenye nguzo."

Nilishangaa nilivyosema kwa sauti. Ikaandikwa katika kitabu cha kamati. Kwenye jiwe bado, mpaka leo ninapoandika. Chini ya jina la mwisho hapana nafasi, linangojwa bamba jipya. Sisemi kuna mtu mzembe, nasema bamba halijaja.

Mwaka jana nikapiga hivyo kwa mara ya kwanza. La thelathini na saba likalia, likaenda, likafa. Nikabaki na kiganja kwenye zege. Watu wakaanza kuvaa kofia. Bodaboda mmoja akawasha pikipiki. Nikamwona Respicius anatoka kwenye mstari wa ukoo wake, anakwenda mpaka kwa yule kijana, anazima ufunguo kwa mkono wake mwenyewe. Akasimama hapo, mikono nyuma. Uwanja ukatulia. Nikakaa chini, nikavuta.

Ma Spesioza hakulia. Alikuja kwenye kamba baadaye, viatu miguuni safari hii.

"La mwaka ule wa makosa lilikuwa na sauti kubwa zaidi," alisema.

"Mwaka ule nilishtuka, mama."

"Ehe. Shtuka tena basi mwakani." Na akanipa mkono.

Mwaka huu Julai nilirudia, likiwa pigo langu la mwisho.

Leo, nilipokuwa nimefika hapa katika kuandika, mlango umegongwa. Ni yeye, amelowa mpaka magotini, mkungu wa ndizi kwenye pikipiki na jani la mgomba kichwani. Amesikia nimestaafu. Hakuzunguka.

"Jina halipo kwenye jiwe. Lilikuwa mikononi mwako. Sasa umekwenda. Hao wapya watapiga mangapi?"

"Limo kwenye kitabu cha kamati, mama. Na ninawaandikia."

"Kitabu kiko kabatini. Nisomee ulichoandika wewe."

Nimemsomea, kuanzia kwenye maharage mpaka hapa. Alisikiliza akiwa amefumba macho, Ladislaus akimkaushia viatu jikoni. Nilipofika Rugu akanisimamisha.

"Umeandika kwamba nilikuita mwizi?"

"Nimeandika. Nifute?"

"Acha. Nilikuita." Akafikiri. "Ila maji ulikataa mwenyewe. Usije ukaandika nilikunyima."

Nimerudi kuangalia, na kweli nilikataa mwenyewe.

Kwa hiyo, Adventina, Projestus, bamba liwepo lisiwepo: ni thelathini na nane. La baba yake Respicius mliache life lote, msikie kwa kiganja. Watu wataanza kuondoka, nanyi mtaona aibu, mtadhani mmekosea. Hamjakosea. Kaeni chini, mvute, na la Evarist nalo mliache life lote. Katika mambo yote niliyoandika hapa, hili sina haja ya kulihesabu mara ya pili.

Mvua haijakatika, kwa hiyo Ma Spesioza analala kwetu. Jioni tumekula ndizi alizoleta, mkwe wangu amezipika na dagaa, na parachichi pembeni. Ma Spesioza amesema chumvi imezidi. Ladislaus amesema haijazidi. Nimeonja tena: imezidi kidogo.